Besi Haina Haraka

Muulize kijana yeyote hapa Newala anataka kupiga gitaa gani, atakujibu solo. Solo ndilo linalolia, ndilo linaloshangiliwa ukumbini. Besi ni ya yule aliyekosa nafasi. Lakini ndugu msomaji, iondoe besi kwenye dansi uone: waimbaji wataimba, solo litalia, na wachezaji watarudi kwenye viti vyao mmoja mmoja.

Mpwa wangu ana miaka 12 na anajifunza besi. Mwalimu wake ni mimi, niliyemaliza kidato cha nne Masasi, mchana napalilia mikorosho, usiku naandika riwaya. Dada yangu, mama yake, hakupenda. "Muziki uhuni, kaka. Atatorokea Dar, atanirudia mlevi." Kwetu Wamakonde mjomba si jina la kuitwa tu. Ukoo unapita kwa mama. Mtoto wa dada akiharibika, anayeulizwa ni mimi. Tukaafikiana: korosho zikiisha kuokotwa, mtoto apige mbele yake. Akiona uhuni, gitaa lirudi Masasi kwa mwenyewe, maana ni la kuazima.

Tabu ya kwanza ilikuwa vidole. Kwenye besi ya kawaida, uzi unaotetemeka una urefu wa sentimita 86 hivi. Freti ya kwanza, kule karibu na kichwa, inakula karibu sentimita 5. Kiganja cha mtoto hakitoshi. Ila kadiri unavyopanda shingo nafasi zinabana, na ukifika freti ya 6 ni kama sentimita 3 na nusu. Nikamwanzishia huko. Kidole cha shahada freti ya 5, kidole cha mwisho freti ya 7. Uzi mnene wa E, freti ya 5, unatoa A. Uzi unaofuata, freti ile ile, unatoa D. Freti ya 7, E. Sauti tatu tu, na nyimbo chungu nzima zinasimama juu yake. "Usikanyage chuma chenyewe," namwambia, "bonyeza nyuma yake kidogo, la sivyo uzi utakoroma." Umeme ukikatika tunaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa mbao, nao mlango unaitika.

Tabu ya pili ilikuwa kubwa zaidi: kila upenyo alitaka kuujaza. Tukaliweka gitaa pembeni, tukapiga meza kwa viganja. Nikamkumbusha ngoma zetu: ndogo zinakimbia, kubwa inasema neno lake kisha inanyamaza. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ndiyo iliyokuja kuitwa Msondo Ngoma, na Mlimani Park ya 1978 mtindo wake ni Sikinde. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma. Wazee wale walijua magitaa yao yalikozaliwa. Ngoma kubwa ndiyo besi.

"Sasa Mjomba, nikinyamaza nitajuaje pa kuingia?"

"Mguu wako utakwambia. Usiuzuie."

Siku ya siku, rafiki yangu alishika gitaa kavu la rithim. Dada alikaa kibarazani anabangua korosho, hata kututazama hakututazama. Mtoto akaingia: A, kimya, A, D. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya dada. Ubeti wa pili, jiwe lake likaanza kugonga pamoja na besi. Tulipomaliza akasema, "Kesho achote maji kwanza, ndipo ashike hilo gitaa lenu." Basi, ruhusa ikawa imetoka.

Usiku ule niliifungua riwaya yangu, nikafuta kurasa mbili ambazo mhusika alikuwa anajieleza bila kupumua. Wenzangu mnaoshika kalamu, mnazijua kurasa hizo.

Sasa mwenye gitaa analitaka kabla ya Pasaka. Mtoto ameshazizoea freti tatu, na hapa kwetu besi hazipatikani dukani. Kama kuna msomaji mwenye besi kuukuu iliyolala uvunguni, nyuzi zimeota kutu, asiitupe. Nyuzi tutanunua wenyewe, korosho zikilipwa.