Kikojozi

Simba aliletwa kwangu akiwa na miezi 2, na usiku wa kwanza tu akakojoa kwenye zulia. Nikafanya nilichozoea kuona nyumbani tangu utotoni: nikamshika shingo, nikamsugua pua kwenye mkojo wake, nikamfokea. Siku ya tatu zulia likawa kavu. Nikajisifu. Kumbe bwana mdogo alikuwa anakojoa nyuma ya kochi. Alichojifunza ni kujificha.

Nikakumbuka godoro langu. Nilikojoa kitandani hadi darasa la nne, na kila asubuhi lilianikwa uani, majirani wakiliona. Sikuacha kukojoa, nilijifunza tu kuamka alfajiri na kuligeuza.

Mtoto wa mbwa wa umri ule hawezi kubana mkojo zaidi ya saa 2 hivi. Basi sasa usiku naweka alamu. Mchana akiamka, akishakula, akimaliza kucheza, namtoa nje; akikojoa huko, papo hapo anapata dagaa mmoja. Akikosea ndani, nafuta kwa maji na siki, kimya.

Jana usiku, kabla alamu haijalia, alikuja mwenyewe kitandani akanigusa mkono kwa pua, ile ile niliyoisugua. Nikaamka, nikamfungulia mlango.