Trekta Juu ya Behewa Tambarare

Kati ya mabehewa yote ya garimoshi, behewa tambarare ndilo lisiloweza kutunza siri. Halina kuta wala paa. Ni sakafu ya mbao juu ya magurudumu, na kila kilichopakiwa humo huonekana na yeyote anayesubiri kuvuka reli. Mafundi wa reli za mfano, yaani wale wanaojenga garimoshi dogo la kuendeshwa mezani, hulihofia kwa sababu hiyo. Behewa lenye kuta laweza kuwa tupu na asiwepo wa kujua. Lakini ukiweka trekta juu ya behewa tambarare umesema neno mbele ya watu, nawe utatakiwa kulitetea.

Mimi hujenga kwa uwiano wa 1:87, ambao ndio ulioenea zaidi. Kwa uwiano huo, mtu mzima hutoka na kimo cha milimita 20 hivi, na behewa la mita 12 huwa na milimita 138. Reli yetu ya zamani ya Uganda ina upana wa mita 1, sawa na Reli ya Kati ya Tanzania, kwa hiyo reli yangu ya mezani ina upana wa milimita 12. Wamarekani hutumia milimita 16.5, kwa kuwa reli zao halisi ni pana zaidi.

Taabu ya kwanza ni uzito. Behewa jepesi huruka nje ya reli penye kona. Chama cha wajenzi cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, hupendekeza wakia 1, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa langu hiyo ni takriban gramu 105. Katika behewa lenye kuta ungegundisha nati chache ndani na kazi ikaisha. Behewa tambarare halina ndani. Utabandika kipande cha chuma chini ya sakafu, na kilichosalia utakificha katika tumbo la trekta lenyewe, hata shehena ikawa ndiyo inayolituliza behewa njiani.

Taabu ya pili ni ufungaji, na hapa naomba tukae kidogo. Mbele na nyuma ya kila gurudumu huwekwa kabari ya mbao, ikapigiliwa misumari sakafuni. Kisha minyororo hutoka kwenye mashine kwa mshazari kuelekea kingo za behewa: mingine huizuia isiteleze mbele dereva anapofunga breki, mingine isirudi nyuma anapovuta. Kwa minyororo, mimi husokota nyaya mbili za shaba kutoka katika chaja ya simu iliyokufa, nikazipaka rangi ya kutu. Makampuni ya reli ya Marekani yana kanuni zilizoandikwa za kufunga shehena za wazi za namna hii, na ukizitafakari utaona kwamba hazimlindi mwenye trekta peke yake. Zinamlinda pia mama aliyesimama kando ya njia na kuni zake kichwani, asiyejua mashine ni ya nani wala inakwenda wapi. Nimeona mifano yenye rangi ya kijani na njano ya John Deere iliyopakwa kwa ustadi mkubwa, nembo ikisomeka kwa kioo cha kukuzia, lakini trekta limeachwa huru juu ya mbao. Kwangu huo ni uongo, hata ukipendeza.

Lakini waweza kuifunga mashine kwa kila kanuni na bado ukabaki na swali: inakwenda kufanya nini? Ndiyo maana garimoshi langu ni la mwaka 1947, likitoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Kilosa kuelekea Kongwa. Huo ni mwaka ambao serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha Mpango wa Karanga katika Tanganyika. Ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mapya hayakutosha, hivyo yakanunuliwa masalio ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Kiwanda cha Vickers nacho kikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na hasara yake ilihesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya pauni.

Kwa fundi, historia hiyo ni suala la rangi. Trekta linalotoka kiwandani Waterloo, Iowa, hung'aa. La masalio ya vita lina kutu, rangi ya jeshi iliyobanduka na kiti kilichochanika. Nimepakia matatu ya namna hiyo, haro mbili, na sanduku la vipuri ambalo nimelifanya dogo makusudi.

Kando ya reli nimesimamisha watu kumi na wawili wa milimita 20, wakitazama. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliwakagua kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni yupi kati yao aliyeulizwa kama karanga zitaota huko. Nilimjibu kwamba mpango huo uliamuliwa London, nao walionao hapo waliuona ukipita. Akasema, "Basi, mwalimu, kuwa wazi kwa shehena kumewasaidia nini?" Tulibishana mpaka giza likaingia. Nilishikilia kwamba kuona ni mwanzo, kwa kuwa asiyeona hana la kuuliza. Yeye alishikilia kwamba aliyeona asiruhusiwe kuuliza amedhihakiwa mara mbili. Sikumshinda, wala sidhani kwamba yeye alinishinda.

Juzi alirudi na mtu wa kumi na tatu, aliyemchonga mwenyewe kwa kijiti, mkono mmoja umeinuliwa. Nimemgundisha mbele ya wenzake, karibu kabisa na reli. Kilichobaki sasa ni mibuyu ya Kongwa.