Alama Mbili za Mshangao

Usiku huo stima zilikuwa zimepotea Pipeline nzima na simu yangu ilikuwa imebaki na asilimia 12. Nilikuwa nacheza sataranji kwenye Chess.com na mtu nisiyemjua. Nikasogeza farasi mbele, nikidhani analindwa na askofu. Hakuwa analindwa. Nilipoona, kidole kilikuwa kimeshaachilia. Askari wake akamla. Nikasema basi, imeenda. Kumbe askari huyo alipohama, alimfungulia malkia wangu njia, na hatua tatu baadaye mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia.

Nilipofungua uchambuzi, hatua ya farasi ilikuwa na alama mbili za mshangao, kwa ile rangi ya buluu-kijani ambayo sisi wote tunaitafuta. Kwa lugha ya programu, nilikuwa nimefanya jambo la kipaji. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupa kwa grupu ya WhatsApp. Sikumwambia mtu kwamba farasi nilimpoteza kwa kutoangalia.

Alama hizi si za bure. Nyuma yake kuna injini inayopiga hesabu ya hatua zinazoweza kufuata, kisha inauliza swali moja: baada ya ulichofanya, nafasi yako ya kupata pointi imebaki vile vile au imeshuka? Ikishuka kwa asilimia 20 au zaidi, unapewa alama mbili za kuuliza. Umeboronga. Lakini kupata mishangao miwili, hatua nzuri tu haitoshi. Lazima utoe kete kafara, na hesabu ikubali. Usibaki pabaya baada yake. Na usiwe ulikuwa unashinda kirahisi hata bila hiyo hatua. Anayeanza huipata kwa urahisi kidogo kuliko bingwa. Hata mashine ina huruma.

Zamani watu ndio walioweka alama hizo. Mwaka 1956 huko New York, Bobby Fischer akiwa na miaka 13 alimwachia Donald Byrne malkia wake, kisha akashinda. Waandishi wa sataranji waliiwekea hatua hiyo mishangao miwili kwa sababu walishangaa kweli. Injini haishangai. Haijui kama uliona mbali ama ulibahatisha. Inapima ubao, haikupimi wewe.

Bro wangu ni dereva wa matatu. Ndiye aliyenifunza draft kwa vizibo vya soda, na ndiye aliyelipa karo yangu ya chuo hadi mwaka wa tatu, nilipoacha ili niandike. Jumapili nilimwonyesha ile picha. Akaiangalia sana.

"Hiyo kitu uliiona, ama ilijipa tu?"

"Ilijipa."

"Na bado umeiposti."

Tukacheka. Lakini chai ikanikwama kidogo. Ni miaka miwili sasa nikiulizwa kuhusu chuo huwa najibu kwamba nilitoa shahada yangu kafara. Linasikika vizuri, hilo jibu. Hata mhariri mmoja alilipenda. Nikipata kazi ya kuandika, najiwekea mishangao. Mwezi ukikauka na mwenye nyumba akibisha, najiwekea maswali mawili. Hatua ni ile ile moja, alama ndiyo inabadilika kulingana na salio la M-Pesa.

Nilichokuwa sijawahi kukisema ni hiki: kwenye sataranji, kete unayotoa kafara ni yako. Karo ya mihula mitano haikuwa yangu. Ilikuwa ni yeye kuamka saa kumi alfajiri kupeleka watu tao, na ploti ambayo hakuinunua. Mimi nilisogeza mkono tu.

Nikamuuliza, nikijifanya ni utani, "Wewe ungeniwekea alama gani, pale nilipoacha chuo?"

Hakucheka. Akageuza kikombe mkononi, akakiweka chini.

"Ungeniuliza kwanza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa alama yoyote, za mshangao au za kuuliza. Hilo sikuwa nimeliona likija. Nikamwambia pole, miaka miwili nikiwa nimechelewa. Akanyamaza, kisha akaivuta simu karibu na kuniuliza huyo farasi huwa anaenda aje. Nikamwonyesha: mbili mbele, moja kando.

"Na anaweza kuruka wengine?"

"Ni yeye pekee anayeweza."

"Aya," akasema. "Panga tuanze."