Nguo ya Kuazima

Muhula uliopita, wanafunzi wangu watano walitunga wimbo kuhusu maisha ya hosteli, wakaurekodi studio, wakapiga picha za video kwa simu zao, kisha wakakwama. Programu ya kuhariri waliyoizoea ni ya kulipia. Leseni ya maabara ilikuwa imekwisha muda, na kazi yao ilitakiwa Ijumaa. Wakahamia Kdenlive, programu huria iliyoanza kutengenezwa mwaka 2002, ambayo yeyote huipakua bila malipo. Hakuna miongoni mwetu aliyewahi kuitumia.

Siku ya kwanza swali lilikuwa moja tu: "Dokta, kile kitufe kiko wapi?" Vijana hawa walikuwa wamefundishwa mahali vitufe vilipo, si kazi ya vitufe. Programu ilipobadilika, ujuzi wao ukabaki kwenye kompyuta iliyofungwa.

Siku ya pili likazuka jambo ambalo hakuna kitufe kingelitatua. Wimbo na midomo ya mwimbaji vilianza pamoja, lakini kufikia kiitikio cha pili vilikuwa vimeachana. Kila walipovisogeza, viliachana tena. Ndipo binti mmoja, mkimya kuliko wenzake, akasema: "Kama mwanzo vinalingana na mwisho havilingani, basi tatizo si mahali pa kuanzia. Tatizo ni mwendo."

Alikuwa sahihi. Simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya fremu kila sekunde. Mwanga ukipungua, kama kwenye korido za hosteli, nayo idadi hupungua. Walizibadili klipu zote ziwe na fremu 25 kwa sekunde bila kuyumba, na midomo ikarejea kwenye maneno yake. Kazi ilikamilika Alhamisi.

Nimelitafakari sana jibu la binti yule, kwa sababu halikutoka katika programu yoyote. Lilitoka katika kufikiri. Je, mitaala yetu inapima hilo, au inapima kukariri bidhaa ya kampuni fulani? Mhitimu aliyekariri bidhaa huwa mpangaji katika taaluma yake mwenyewe: mwenye nyumba akipandisha kodi, anatoka na virago vyake. Ofisi ya umma inayohifadhi nyaraka za wananchi katika mfumo usiofunguka bila leseni haina tofauti naye.

Sisemi programu za kulipia zitupwe. Wahitimu watazikuta kazini, na lazima wazimudu. Wala programu huria haikosi gharama, kwani inadai muda na walimu walio tayari kujifunza pamoja na wanafunzi. Ninachodai ni kidogo: kila somo la ufundi lifundishwe kwa zana mbili angalau, na mtihani uulize kwa nini kabla ya kuuliza wapi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ujuzi wa kuazima nao hausitiri taifa.