Kicheko cha Wizi

Mwizi wa kuku akikamatwa hukimbizwa mtaa mzima. Mwizi wa kichekesho hupigiwa makofi, hulipwa, na wiki ijayo anaitwa tena. Ndivyo mambo yalivyo katika dunia ya wachekeshaji, hasa kule Marekani, ambako mtu kusimama peke yake na maikrofoni ni kazi inayoweza kumjengea jumba la kifahari. Nataka tuwazungumze wezi hao, ndugu msomaji, na hasa wewe unayeandika kama mimi. Lakini siyo kwa kuwateta tu. Kadiri ninavyozidi kuwafuatilia ndivyo ninavyoamini kwamba wizi wa vichekesho, na ule ugonjwa mwingine wa mastaa, ugonjwa wa kuishiwa, ni ugonjwa mmoja wenye majina mawili.

Kwanza tukubaliane: si kila kichekesho kina mwenyewe. Abunuwasi hana mwenyewe. Ukimsimulia leo kijiweni hakuna atakayekuuliza umemtoa wapi. Mtani akija msibani kwenu, akaanza kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa mgumu wa kutoa hela, anafanya yale ambayo babu yake aliyafanya kwenye msiba wa babu yako. Hiyo ni mali ya wote.

Hata Marekani walianzia hapo hapo. Zamani za vodevili, yale maonyesho ya mchanganyiko yaliyokuwa yakizunguka mji hadi mji, mchekeshaji alikuwa na dakika zake chache, basi. Alizunguka nazo miaka na miaka, kwa sababu watu wa mji huu hawakuwa wamesikia alichosema kwenye mji ule. Vichekesho vya mama mkwe na vya mlevi vilikuwa kama maji ya kisima, kila mwenye ndoo anachota.

Bingwa wa kuchota alikuwa Milton Berle. Mwandishi wa magazeti Walter Winchell alimbandika jina la Mwizi wa Vichekesho Vibovu, jina ambalo kwa Kiingereza linachezea sauti ya filamu ya zamani ya Mwizi wa Baghdad. Na Berle wala hakununa! Aliligeuza nalo likawa kichekesho, akawa anajitania mwenyewe jukwaani juu ya tabia yake ya kuchukua vya wenzake. Mwaka 1948 akaingia kwenye televisheni, akawa staa wa kwanza mkubwa wa chombo hicho, na mwaka 1951 kampuni ya NBC ikampa mkataba wa miaka 30. Miaka thelathini, bwana! Lakini kipindi chake hakikuvuka 1956.

Hapo ndipo shida inapoanza kuonekana. Jukwaa la vodevili lilikuwa linakula kidogo kidogo. Televisheni ina tumbo la moto. Kichekesho ulichokuwa unazunguka nacho miaka kumi, ukikisema usiku mmoja kimesikika nchi nzima, na kesho yake ni kiporo. Sasa mtu anatakiwa apike chakula kipya kila wiki, na shamba ni lile lile. Jirani akilala, mkono unapita kwenye ua.

Halafu kikaja kizazi kingine. Kuanzia miaka ya 1950 wakatokea watu kama Mort Sahl na Lenny Bruce, ambao hawakuwa wakisimulia mama mkwe wa kila mtu. Walisema wanachokiona wao, siasa zao, hasira zao, maisha yao. Kichekesho kikaacha kuwa maji ya kisima, kikawa kama shati: lina mwenyewe, na likivaliwa na mwingine linajulikana kwa jinsi linavyopwaya. Tangu hapo kuiba kichekesho ni kuiba kweli.

Sasa njoo mwaka 2007. Carlos Mencia alikuwa na kipindi chake kwenye stesheni ya Comedy Central tangu 2005, jina linavuma. Mwezi Februari, katika ukumbi wa Comedy Store pale Los Angeles, mchekeshaji mwenzake Joe Rogan akamwambia jukwaani, mbele ya watu, kwamba yeye ni mwizi. Wakarushiana maneno, Mencia akikana katakata. Video ya ugomvi ule ikasambaa YouTube. Rogan akaambiwa na ukumbi akae pembeni, akawa hajakanyaga pale mpaka 2014. Kipindi cha Mencia kiliisha 2008, na ile tuhuma ikamganda.

Kati ya mifano iliyotolewa dhidi yake kuna kisa kimoja ambacho nimekitazama mara nyingi kwenye simu yangu. Bill Cosby, miaka mingi kabla ya kesi zake, alikisimulia kwenye filamu yake ya 1983 iitwayo Himself. Baba anamfundisha mwanawe mpira wa Kimarekani tangu mtoto hajajua kukimbia vizuri. Anamsukuma, anamwangusha, anaamka naye alfajiri. Miaka inapita. Kijana anakuwa nyota, anafunga, kamera inamfuata, nchi nzima inamtazama, naye anafungua kinywa na kumsalimia mama yake. Mencia naye alikuwa na kisa cha namna hiyo hiyo kwenye onyesho lake la 2006. Ukivitazama viwili kwa kufuatana, watu wanacheka kote kote. Lakini kwa Cosby unamwona baba: amechoka, ana jasho, anaudhika. Kwa mwenzake unaona mtu anayekimbilia mwisho.

Yamenikuta na mimi, ingawa kwa kiwango cha senti. Mjomba wangu alikuwa konda wa daladala miaka kumi na tisa. Siku tunamzika bibi, watu walisongamana mno pale kaburini, hata wabebaji wakakosa pa kupita. Mjomba, bila kufikiri, akapaza sauti: "Sogeeni nyuma jamani, nyuma kuna nafasi!" Makaburi yote yakacheka. Shehe mwenyewe aligeuka pembeni. Nilikisimulia kisa hiki kijiweni kwetu, na miezi michache baadaye, kwenye harusi moja Sinza, nikamsikia MC akikitoa. Kwake alikuwa mjomba wake. Ukumbi ulianguka.

Sikukasirikia kile kicheko. Kilichonichoma ni kwamba MC aliishia pale, akaruka kwenye kichekesho kingine, kwa sababu hakuwa na kilichobaki. Hakuwapo. Hakumwona mjomba alivyonyamaza ghafla baada ya kusema vile, akaziba mdomo kwa kofia na kulia kama mtoto, maana bibi alipanda gari lake miaka yote ile na hata siku moja hakumdai nauli. Alikuwa akimwekea siti nyuma ya dereva na kuwaambia abiria wasogee. Maneno aliyoyasema kaburini ndiyo yale yale aliyokuwa akiyasema kila siku ili mama yake apate pa kukaa. MC alibeba ganda. Kiini kilibaki kwetu.

Mtu ataniuliza, si ungemshitaki? Na wachekeshaji wa Marekani, wenye pesa na mawakili, mbona hawashitakiani kila siku? Jibu ni kwamba sheria ya hakimiliki inalinda jinsi jambo lilivyosemwa, siyo wazo lenyewe. Geuza maneno kidogo, mfanye mjomba kuwa shemeji, umetoka. Na kesi ni ndefu. Mwaka 2015 mwandishi wa vichekesho Alex Kaseberg alimshitaki Conan O'Brien na watu wake, akidai kwamba vichekesho vyake vichache juu ya habari za siku vilitokea kwenye kipindi chao. Walipatana mwaka 2019, nje ya mahakama, huku O'Brien akiendelea kukana. Miaka minne kwa vichekesho vya sentensi mbili mbili!

Kwa hiyo wachekeshaji wana sheria yao ya mtaani. Mwaka 2008 wasomi wawili wa sheria, Dotan Oliar na Christopher Sprigman, waliichunguza na kuieleza vizuri. Anayedhaniwa kuiba anaitwa na mwenye mali, wanaongea. Akikana, habari inatembea. Akiendelea, wenzake wanakataa kupanda naye jukwaa moja. Sisi hatuhitaji kusoma chuo kikuu kulielewa hilo. Ni kususwa. Ni ile adhabu ya kijijini ya mtu asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake: siku yake ikifika, anachimba mwenyewe.

Lakini swali linalonikosesha usingizi siyo la adhabu. Ni hili: kwa nini mtu mwenye kila kitu aibe? Fukara akiiba ugali tunaelewa. Huyu ana jina, ana pesa, ana kipaji.

Chukua Robin Williams. Hakuna aliyewahi kubisha kwamba alikuwa na kipaji cha ajabu. Hata hivyo alilalamikiwa na wenzake kwa miaka mingi kwamba anabeba vyao. Mwaka 2010, miaka minne kabla ya kifo chake, aliongea na Marc Maron juu ya jambo hilo. Alieleza kwamba alikuwa akishinda kwenye kumbi, anasikiliza, na kichwa chake kikishika kasi jukwaani maneno yalitoka tu, ya kwake na yasiyo ya kwake. Ilifika mahali akawa analipa walalamikaji hela, mpaka akawa kama benki. Ninamwamini. Kichwa kinachokimbia namna ile hakisimami kuuliza hiki ni cha nani.

Ila wengi hawana kasi ya Williams. Wengi, nadhani, wameishiwa tu. Fikiria: kabla ya umaarufu mchekeshaji anapanda basi, anadaiwa kodi, anagombana na mwenye nyumba, anaachwa na demu. Kila siku inampa kitu. Akishakuwa staa, anapanda gari lenye vioo vyeusi. Waliomzunguka anawalipa mshahara, kwa hiyo wanacheka hata akipiga chafya. Atasimulia nini? Hoteli na ndege. Na watu wamelipa kiingilio kikubwa kumwona, wameshaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo hata yeye hajui tena kipi kinachekesha na kipi kimechemsha. Steve Martin alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa akijaza viwanja vikubwa, watu wanakuja wakiwa wanavijua vichekesho vyake kama nyimbo. Mwaka 1981 akaachana na jukwaa. Wenzake wengi waliobaki walichagua njia mbili: kurudia kiporo, au kunyoosha mkono kwenye sufuria ya jirani.

Kuna njia ya tatu, na hii ndiyo inayonihusu mimi na wewe. Richard Pryor alianza kama kivuli cha Cosby: safi, mpole, anapendwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kwenye jukwaa kubwa Las Vegas, ukumbi umejaa, akashuka na kuondoka. Hakuweza kuendelea kuwa mtu mwingine. Baadaye akaenda kujichimbia Berkeley kwa muda, na aliporudi alikuja na watu wake wa Peoria, mji alikolelewa na bibi yake kwenye danguro: walevi, makahaba, wazee waongo wa vibarazani. Mwaka 1977 alipatwa na shambulio la moyo, na kwenye filamu yake ya 1979 aliuigiza moyo wake ukimgombeza yeye mwenyewe huku akigaagaa sakafuni. Nani ataiba kile? Ili uibe itabidi uugue kwanza.

George Carlin alikuwa na dawa nyingine. Kati ya 1977 na 2008, mwaka aliofariki, alitoa maonyesho 14 kupitia HBO. Kila akimaliza moja, analima upya. Jerry Seinfeld naye, mwaka 1998, baada ya kipindi chake cha televisheni kumfanya tajiri, alifungua onyesho lake kwa mazishi ya utani: jeneza, waombolezaji wachekeshaji wenzake, wanazika vichekesho vyake vya zamani. Kisha akaanza na karatasi tupu. Filamu iitwayo Comedian, ya mwaka 2002, inamwonyesha kwenye kumbi ndogo akisahau maneno, anachungulia makaratasi, anachemsha mbele ya watu wachache. Tajiri yule! Nilipoiona nilipata nguvu kuliko nilivyopata kwa kipindi chake chote.

Sisi tunaoanza tunaogopa sana kuibiwa. Nimewaona wenzangu wanaficha miswada chini ya godoro, hawataki mtu aisome. Mimi nadhani usalama hauko kwenye kuficha. Uko kwenye kuwa na shamba, na kuendelea kulilima hata baada ya jina kuvuma, kama litavuma. Panda basi. Sikiliza. Nenda msibani, ukae mpaka mwisho, usikimbie na kichekesho cha mlangoni.

Mjomba bado yupo. Ukonda aliacha, siku hizi anakaanga chipsi Manzese, na wateja wakijazana bado anawapanga kwa sauti ile ile. Juzi kaniambia jambo la bibi ambalo sijawahi kulisikia. Kijiweni sijalitoa. Naliandika kwanza.