Rais, Makamu na Msimu wa Pili: Shajara ya Julai

Jumamosi, 6 Julai 2024

Binti wa shangazi amemaliza msimu wa kwanza wa Kaguya-sama: Love Is War, sasa anataka kujua kama wa pili una maana. Ujumbe wake neno kwa neno: "Kaka, nina bando dogo tu. Niendelee, au wanatuzungusha kama kawaida yao?" Ni swali la mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Anazijua anime za mapenzi ya kuchekesha: sehemu kumi na mbili za kutazamana, mvua, mwavuli mmoja, mkono unakaribia kugusa mkono, halafu mtu anafungua mlango. Msimu wa pili ukija, mlango unafunguliwa tena.

Nimemwambia anisubiri kidogo, niirudie kwanza. Vichekesho vyake navikumbuka vizuri. Kipi kilitangulia na kipi kilifuata, sikumbuki.

Kisa chenyewe: Shuchiin, shule ya watoto wa wakubwa huko Tokyo. Shirogane ni rais wa serikali ya wanafunzi, mtoto wa mlalahoi aliyeingia kwa kichwa chake. Anafanya vibarua, anasoma usiku kucha, ndiyo maana ana macho ya mtu anayetafuta ugomvi. Makamu wake ni Kaguya, binti wa ukoo wa Shinomiya, watu wenye mali isiyohesabika. Wanapendana, kila mtu anaona. Ila wote wawili wanaamini kwamba atakayefunguka kwanza ndiye aliyeshindwa. Basi siku zinakwenda kwa kutegana: tiketi za sinema, kipande cha soseji kwenye chakula cha mchana, nani aombe namba ya simu ya mwenzake. Na juu ya upuuzi wote huo kuna sauti ya msimulizi, Yutaka Aoyama, anayetangaza kama vile majeshi yanakabiliana. Mtu aliyekua akisikiliza filamu zinazosimuliwa na DJ Afro ataipenda sauti hiyo mara moja. Mtu kanyanyua kikombe cha chai tu, yeye anakupa vita vya dunia.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Barabara ya kwenda viwanjani imejaa tangu asubuhi, nimebaki ndani.

Nimeanza na mwisho wa msimu wa kwanza, maana hapo ndipo binti alipoachia. Fataki. Kaguya amesubiri kiangazi chote siku hiyo moja, kisha amri inatoka kwa baba: hakuna kutoka. Anatoroka, anachelewa, fataki zimekwisha. Shirogane anamfuata, wanajazana kwenye teksi na wenzao, wanaenda kuzitafuta fataki nyingine ng'ambo ya ghuba. Kichwa juu ya vichwa vingine, mwanga wa rangi unapiga kwenye kioo, na Kaguya hatazami angani. Anamtazama Shirogane, shavu lake na macho yake, basi.

Baada ya hapo unajiuliza, watu hawa wana vita gani tena? Msichana amekwisha kushindwa, mvulana naye kamtafuta mji mzima. Kitu cha busara kingekuwa waambiane, tukalale. Badala yake wanaoneana haya kwa yale yaliyotokea na wanakwepana. Hapo ndipo mtazamaji mwenye bando dogo anaposhtuka. Na ana haki.

Jumatano, 10 Julai

Foleni ya kurudi nyumbani imenipa muda wa kuwaza.

Ubaya wa misimu ya pili katika aina hii ya anime hauji kwa bahati mbaya. Manga inachapwa kila wiki gazetini na haijafika mwisho. Anime inatengenezwa ikiwa nyuma yake, sehemu 12 au 13 kwa robo ya mwaka, na kazi yake mojawapo ni kukupeleka dukani ukanunue vitabu. Nani atakumalizia hadithi hapo? Nisekoi ndiyo mfano wangu siku zote. Msimu wa kwanza wa 2014 nilicheka nao. Wa pili, 2015, ukaongeza wasichana, fumbo lake la kufuli na funguo likabaki pale pale, na msimu wa tatu haukuja kabisa. Manga ikaisha mwaka uliofuata bila anime kuifikia. Toradora! walifanya kiungwana zaidi: sehemu 25 kati ya 2008 na 2009, hadithi ikaanza na ikaisha, kila mtu kwao.

Kaguya-sama nayo ilikuwa kwenye mtego huohuo. Aka Akasaka alianza kuichora 2015 na hakumaliza mpaka Novemba 2022, vitabu 28. Msimu wa pili ulirushwa kuanzia Aprili hadi Juni 2020, kwa hiyo mwisho wa hadithi haukuwepo wa kutupa. Tena ilikuwa majira ya korona. Re:Zero na Oregairu, ambazo nazo zilikuwa zirudi Aprili ile, zilisogezwa hadi Julai. Kaguya-sama ilipita wiki baada ya wiki bila kukatika.

Kitu kimoja nimekiona leo. Kwenye jina la msimu wa pili wameongeza alama ya kuuliza: Love Is War? Ni kama studio yenyewe, A-1 Pictures, na mwongozaji wao Shinichi Omata wamekiri kwamba vita vimekwisha. Swali lililobaki ni watafanya nini na watu hawa wawili waliokwisha kusalimu amri bila kuambiana.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepita nusu. Wanafanya mambo mawili.

La kwanza, mitego inapungua makali na aibu inaongezeka. Usiku wa kutazama mwezi Shirogane, ambaye anapenda nyota kupita kiasi, anasahau kabisa kwamba yuko vitani. Anamfunika Kaguya koti, anamwonyesha nyota, anamsimulia ile ngano ya zamani ya binti wa mwezini aliyeitwa Kaguya, kwamba angekuwa yeye asingekubali mwenzake arudishwe huko juu. Anasema haya kwa uso mkavu. Kaguya anakaribia kuzimia. Hakuna aliyepanga lolote, na nimecheka kuliko mitego yote ya msimu wa kwanza.

Tena kuna siku ya kuzaliwa ya Shirogane. Makamu ametengenezesha keki ya ghorofa, keki ya harusi kabisa, mpaka mhudumu wake Hayasaka anashika kichwa. Kisha akili inamrudia. Anapeleka kipande kimoja tu, na upepeo wa mkono aliouandika mwenyewe kwa wino. Tajiri anayeweza kununua mtaa mzima anatetemeka kwa ajili ya upepeo. Niliirudia mara mbili pale anaposimama mlangoni na kitu kikiwa nyuma ya mgongo.

La pili ni uchaguzi. Muda wa serikali ya wanafunzi umekwisha, na anajitokeza mpinzani, Miko Iino, wa kwanza darasani, mkali wa sheria, anataka wavulana wanyoe vichwa. Kila mwaka anagombea, kila mwaka anachekwa. Jukwaani sauti inakwama. Shirogane, badala ya kumwacha azame, anapanda na kumchokoza kwa hoja zake mwenyewe mpaka hasira inamfungua mdomo na ukumbi mzima unamsikiliza. Anashindwa kura, heshima anabaki nayo. Nilisahau kwamba aliyeomba Iino asaidiwe ni Ishigami, yule mweka hazina wa kukaa pembeni na vipokea sauti masikioni, ambaye Iino hataki hata kumsikia. Kumbe walikuwa wanamwandaa Ishigami.

Kasoro zipo. Iino akishaingia ofisini, utani wa yeye kufungua mlango na kuwaelewa watu vibaya unarudiwa mpaka unachosha. Na kuna wakati Kaguya anafanywa mtoto mno, nikamkumbuka yule wa mwanzo mwenye roho ya barafu. Lakini pale anapokimbizwa hospitali kwa moyo kwenda mbio, na daktari bingwa wa moyo anapomwambia mbele ya Hayasaka kwamba ugonjwa wake ni mapenzi, naye anadai apimwe tena kwa mashine kubwa zaidi, siwezi kulalamika. Hayasaka anatamani ardhi ipasuke.

Jumamosi, 13 Julai

Sehemu ya 11. Niandike kabla sijalala.

Ni sherehe ya michezo ya shule. Ishigami amejiunga na kikundi cha kushangilia, watu wachangamfu, yeye akijua wazi si wa aina yake. Wavulana wanavaa sare za wasichana na wasichana za wavulana, yake kaazima kwa Kaguya. Mpaka hapo ni vichekesho. Kisha anatakiwa kukimbia zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana, kwa sababu mwenye zamu kaumia. Na ghafla jukwaani anasimama msichana aliyesoma naye zamani, Otomo, anamzomea.

Tunarudishwa sekondari ya chini. Ishigami aligundua kwamba mpenzi wa Otomo anamchezea. Alipomkabili, yule kijana akamtishia kupitia Otomo mwenyewe, na Ishigami akampiga mbele ya darasa. Kijana akapaza sauti: huyu ananionea wivu, anamfuatilia mpenzi wangu. Otomo akaamini. Walimu wakaamini. Ishigami akafukuzwa kwa muda, arudi tu akiandika barua ya kuomba radhi. Na yeye haandiki. Akisema ukweli, Otomo ataumia. Akiomba radhi, atakuwa amesema uongo. Karatasi iko mezani, kalamu iko mkononi, miezi inapita.

Kilichonishika ni jinsi ilivyochorwa. Tangu ajiunge na kikundi kile, watu wanaomzunguka hawana sura. Vichwa vipo, nywele zipo, midomo inacheka, macho hakuna. Sikulijua hilo mara ya kwanza, nilidhani ni wachoraji kubana gharama. Halafu inakuja kumbukumbu ya Shirogane, ambaye alichunguza mambo yote, akashika kalamu na kuandika kwenye ile karatasi ya kuomba radhi, kwa herufi kubwa, tusi la kuwaambia wanyamaze wapumbavu wale. Akamwambia kwamba alitaka Otomo asiumie, na Otomo hakuumia: Ishigami ndiye aliyeshinda. Ishigami anakimbia. Anashindwa. Anaomba msamaha kwa timu, anainua kichwa, na wote wana macho. Wanalia.

Kaguya na Shirogane hawasogei hata hatua moja katika sehemu nzima. Rais na makamu, ambao ndio kisa chote, wanasimama pembeni kama marafiki wa mtu mwingine. Nadhani hapa ndipo msimu huu unapowazidi wengine: walipoona swali la nani afunguke haliwezi kujibiwa, wakaacha kuliuliza, wakaangalia nani mwingine yuko chumbani. Na baadaye, Shirogane anapojikausha mbele ya Kaguya, unajua ni mtu wa namna gani anayejikausha. Unamtakia ashinde.

Jumanne, 16 Julai

Nilimwandikia Jumapili: tumia bando. Usiruke hata ile ngoma ya Soran, wimbo wa wavuvi wa Hokkaido, mwenzao ofisini Fujiwara anapomfundisha rais kucheza mpaka yeye mwenyewe anachanganyikiwa. Sikumgusia ya 11.

Leo amemaliza. Ananiambia sehemu ya 11 imemboa. "Kaka, yule Ishigami angesema ukweli siku ya kwanza, yote yasingetokea. Anamlinda dada ambaye hamtaki, wa nini? Mimi nilikuja kumwangalia Kaguya." Kilichomfurahisha ni hospitali, na sehemu ya mwisho, simu ya zamani ya Kaguya inapovunjika na picha zote kupotea, wenzake wakamtumia za kwao. Hapo anasema alilia. Nimebishana naye kwa sauti kwenye WhatsApp mpaka mke wa kaka akagonga ukuta.

Hajakubali, nami sijakubali. Ila ameshauliza kuhusu wa tatu. Nimemwambia ni wa 2022, sehemu 13, mbili za mwisho zilirushwa pamoja kwa saa nzima, na humo ndimo atakapopata jibu la nani anafunguka na kwa namna gani. Bando aombe kwa baba yake.