Kupeleka maji ziwani

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue Daraja la J.P. Magufuli, tarehe 19 Juni 2025, foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi imebaki hadithi. Kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, dakika chache, umeshafika upande wa Sengerema. Anayekuja likizo kutoka Uingereza hulipiga picha daraja. Ni nadra amtazame fundi wa viraka, aliyeinama kando ya pipa la lami lililotegeshwa juu ya mawe, kuni zikiwaka chini yake, moshi mweusi ukimfuata kila anakohamia.

Huko Uingereza, halmashauri hutumia sana emalsheni: matone madogo mno ya lami yaliyotawanywa ndani ya maji kwa kemikali inayofanya kazi kama sabuni. Hugh Mackay aliipatia hataza mwaka 1922. Gari hupita likinyunyiza kimiminika cha rangi ya kahawia, kokoto zikamwagwa juu yake. Baada ya muda kahawia inageuka nyeusi: maji yamejitenga, lami imeshika. Madereva huwekewa kibao cha maili 20 kwa saa. Wengi hukipuuza, kisha hulalamikia vioo vilivyopasuka.

Lami ya moto inataka nyuzi 150 na zaidi ndipo inyunyizike. Ile ya kutangulizwa juu ya kifusi hulainishwa kwa mafuta ya taa, ambayo huishia hewani. Emalsheni ya viraka humiminwa bila kuwasha kiberiti. Kenya imeitumia kutengeneza lami baridi kwenye barabara za vijijini, kwa nguvu za vibarua.

Busisi ina kikwazo gani? Lori. Emalsheni ya aina ya K1-60 ina lami asilimia 60. Inayobaki karibu yote ni maji. Ikitengenezwa Dar es Salaam, maji hayo yatasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kuletwa Ziwa Victoria! Tena pipa likikaa stoo miezi, lami hutuama, ndiyo maana hubiringishwa kabla ya kufunguliwa. Na mvua ya vuli ikiwahi kabla emalsheni haijashika, kazi ya asubuhi nzima inaishia mtaroni, kisha ziwani.

Njia nafuu ni kusafirisha lami tupu na kuichanganya Mwanza. Ila hakuna mkandarasi atakayefunga kinu kwa ajili ya viraka vinavyozibwa wiki moja kabla ya ziara ya kiongozi. Wakala za barabara, TANROADS na TARURA, zingelazimika kumhakikishia kazi ya matengenezo ya mwaka mzima.